Namba 11 na karatasi ya alama

Maneno haya niliyasema Lubumbashi, mbele ya makocha wa vijana, wachezaji na wazazi wao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Pale nilipokatizwa, nimeacha pakatizwe.

Papa zangu, mama zangu, makocha wenzangu, na ninyi vijana mliokaa chini kwa kukosa viti: asanteni kwa kufika. Nimeombwa niseme nusu saa. Wanaonijua wameshaanza kucheka.

Juzi jioni nilikuwa kwenye michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, pale Kamalondo, si mbali na uwanja wa Mazembe. Meza ya jirani walikuwa wanabishana juu ya Bismack Biyombo, mtoto wetu aliyekwenda kucheza mpira wa kikapu NBA, ligi kuu ya Marekani. Kijana mmoja alikuwa na simu mkononi, amefungua takwimu, anasoma kwa sauti kama msomaji wa kanisani: "Pointi tano na nusu kwa mechi! Mtu wa pointi tano na nusu apewe dola milioni 72?" Mzee aliyekaa naye akaweka mfupa chini, akafuta vidole, akasema: "Wewe unasoma. Mimi nilimwona." Kijana akamuuliza, mzee, uliona mechi ngapi? Mzee akanyamaza. Kisha mzee naye akauliza: haya, mwenye namba, niambie kazi ya Biyombo mule kiwanjani ilikuwa ipi. Kijana akanyamaza. Wakarudi kwenye michopo yao.

Nimekuja kuongea juu ya ule ukimya wa pande mbili. Mjini hapa tumegawanyika, wengine ni watu wa namba na wengine ni watu wa macho, na kila kundi linaliona jingine kama kundi la wajinga. Mimi nimekaa pande zote mbili na nimekosea pande zote mbili. Ninachojua ni hiki: mtu akitaka kuniambia mchezaji fulani ana thamani gani, kwanza aniambie amepewa kazi gani. Asipoweza, sitaki kuona simu yake wala kusikia alichokiona.

Kwenye mpira wa miguu jambo hili tunalielewa vizuri kabisa. Mwaka 2010 Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 kule Abu Dhabi na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya klabu za dunia, watoto wa kila mtaa walikuwa wanarukaruka kwa matako kama kipa Kidiaba. Kuna aliyeuliza Kidiaba amefunga mabao mangapi? Lakini mtoto huyohuyo avuke barabara aje kwenye kikapu, akirudi nyumbani swali la kwanza ni: umetia ngapi?

Nyota hupewa mpira. Mchezaji wa kazi hupewa kazi: mzuie yule, weka ukuta hapa, funga njia ya kwenda kwenye ringi, kaa kwenye kona na usisogee. Timu ina watu watano kiwanjani na mpira ni mmoja, kwa hiyo hata timu kubwa namna gani, wengi wao ni watu wa kazi. Leo naongea juu ya hao.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa kocha msaidizi wa timu ya vijana kule Katuba. Nasema msaidizi, ila kazi yangu hasa ilikuwa kukaa mezani na kujaza karatasi ya alama, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa unasomeka. Mnaijua karatasi ile. Juu ya kila mchezaji inataka kujua mambo mawili: pointi alizotia na makosa aliyofanya. Ribaundi, ule mpira unaookotwa baada ya mtupo kukosa, haimo. Pasi iliyozaa kikapu haimo. Mtupo uliozuiwa haumo.

Tulikuwa na kijana mmoja, jina lake naliacha, namba yake 11. Mrefu, mwembamba, anavaa viatu vya kaka yake vilivyojazwa magazeti mbele ili visichezecheze. Mkono wake ulikuwa mgumu. Akitupa kutoka mbali, watu waliosimama nyuma ya ringi walikuwa wanainama. Mechi baada ya mechi niliandika mbele ya jina lake: pointi 0, makosa 3. Pointi 2, makosa 4. Pointi 0, makosa 4. Aliyeisoma karatasi ile angesema huyu ni mtu wa dhambi tupu, hana tendo jema hata moja. Mimi nilikuwapo uwanjani, sikuhadithiwa, na bado nilisema hivyohivyo, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kalamu.

Nikamshauri kocha mkuu amkalishe benchi. Nilimpelekea karatasi sita, nimezipiga mstari kwa wino mwekundu. Nani atabishana na karatasi sita? Nafasi yake akapewa mtoto mwenye mkono laini, ambaye kila mechi alikuwa anajipatia pointi zake 6, pointi zake 8. Tukapoteza mechi mbili mfululizo, na timu zenyewe zilikuwa zile tulizozoea kuzipiga.

Aliyekuja kunisemesha ni nyota wetu, mfungaji mwenyewe. Alinikuta nakunja meza. "Kocha, turudishie 11." Nikamwambia 11 hafungi. Akaniangalia kama unavyomwangalia mzee aliyevaa shati nje-ndani, unaogopa kumwambia. "Njo vile, yeye hafungi. Mimi nafunga. Lakini ile nafasi ya kufungia, kocha, unafikiri nani ananipatia?"

Mechi iliyofuata nilimwachia mwingine kalamu ya mezani. Nikanunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, nikaenda kukaa upande wa pili wa kiwanja. Nikajiapiza: robo ya kwanza yote, dakika 10, namwangalia 11 peke yake, hata ringi ianguke. Jaribuni siku moja. Shingo inavutwa na mpira kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Watu wanapiga kelele, mikono iko juu, na wewe umekaa unamkodolea macho mtu aliyesimama tu.

Wapinzani walikuwa na kijana mnene, mgongo kama gunia la mahindi. Mpira ukatupwa. Wote tisa wakainua vichwa kuufuata hewani. 11 hakuinua. Aligeuka, akapapasa nyuma kwa mkono kama mtu anayetafuta kiti gizani, akampata yule mnene, akamkalia kwenye mapaja na kutanua viwiko. Mpira ukagonga chuma ukadondoka. Mnene yuko nyuma anasukuma, hasogei. Mwenzetu mmoja, mfupi kuliko wote, akauokota bila hata kuruka. Watu wakampigia makofi yule mfupi. Nikachora kijiti cha kwanza.

Wakakimbilia upande mwingine. Mlinzi wao mmoja alikuwa amemng'ang'ania nyota wetu kama kupe. 11 akaenda akaweka ukuta: akasimama begani kwa mlinzi, miguu imepanuliwa, mikono imekunjwa kifuani, akala bega la mbavu, nikasikia pumzi ikimtoka. Nyota akapita, akapata nafasi, akatupa, ikaingia. Mezani wakaandika: pointi 2, nyota. Kwangu kijiti cha pili. Na alikuwa anaongea muda wote, jambo ambalo kutoka mezani sikuwahi kulisikia: "Kushoto! Kushoto kwako! Nimemchukua, toka!" Robo ilipoisha nilikuwa na vijiti 9. Mpira wenyewe alikuwa ameugusa mara tatu, na mara moja kati ya hizo aliupoteza.

Ngojeni, msimfanye mtakatifu. Daftari lilionyesha na jambo jingine, ambalo hata nyota hakulijua. Mara mbili katika robo ile 11 aliiacha kona yake akaenda kusaidia katikati, pale msaada haukutakiwa. Mpira ukatupwa konani, mtu yuko peke yake, pointi 3. Mara zote mbili sisi benchi tulimfokea mtoto mwingine, aliyekuwa amekimbia kwenda kuziba tundu lisilo lake na kufika amechelewa. Yaani kwa muda wote ule tulikuwa tunamnyima 11 sifa zake, na tunampa mwenzake makosa yake.

Sasa turudi kwa Biyombo. Amezaliwa katika mji huu, mwaka 1992. Msimu wa 2015-16 alikuwa Toronto, na kijana wa michopo alisoma sawasawa: pointi 5.5, ribaundi 8 kwa mechi. Mshahara wake mwaka ule haukufika dola milioni 3. Kazi yake ilikuwa inaeleweka kama joto la Oktoba: linda ringi, okota mipira, wawekee ukuta Kyle Lowry na DeMar DeRozan, maana ndio waliokuwa wanatupa. Kwenye mechi za mtoano Jonas Valančiūnas, mkubwa aliyekuwa anaanza, akaumia kifundo cha mguu, Biyombo akachukua mahali pake. Fainali ya Mashariki, Cleveland ya LeBron James ikawapiga Toronto mechi ya kwanza kwa tofauti ya pointi 31, ya pili kwa 19. Ikaja mechi ya tatu, tarehe 21 Mei 2016. Cleveland walikuwa hawajapoteza hata mechi moja ya mtoano mwaka ule. Biyombo akaokota ribaundi 26, rekodi ya Toronto kwa mechi za mtoano, na timu ikashinda 99-84. Pointi zake usiku ule? Saba.

Mwezi wa saba Orlando wakampa hizo dola milioni 72 kwa miaka 4. Kumbukeni pia mwaka wenyewe. Pesa mpya za televisheni zilikuwa zimeingia NBA, kikomo cha mishahara ya kila timu kikaruka kutoka dola milioni 70 hadi 94, na timu zikawa zinagawa pesa kama watu wanaotunza harusini. Msimu wa kwanza Orlando: pointi 6, ribaundi 7. Linganisheni na za Toronto, hazijaachana sana. Lakini Toronto ilikuwa imeshinda mechi 56, na Orlando ikashinda 29. Mtu ni yuleyule, mikono ni ileile, ribaundi ni karibu zilezile. Orlando tayari walikuwa na Nikola Vučević mahali palepale, na hawakuwa na Lowry wala DeRozan wa kupita kwenye ule ukuta. Kwa hiyo yule kijana na yule mzee walikuwa wanabishana juu ya watu wawili tofauti wenye jina moja: kijana alikuwa na bei ya Orlando, mzee alikuwa na usiku wa Toronto.

Na mtoto mwingine wa Lubumbashi anatufundisha upande wa pili wa jambo hilihili. Oscar Tshiebwe, chuo kikuu cha Kentucky. Msimu wa 2021-22 wastani wake ulikuwa pointi 17.4 na ribaundi 15.1. Kuna mechi moja aliokota 28. Akapewa tuzo za mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2023, siku ya kuchagua wachezaji wa NBA, yakasomwa majina 58, lake halimo. Ilibidi aingie kwa mkataba mdogo, Indiana kwanza, kisha Utah.

Hapa mjini tuliumia, na wengi wakasema ni ubaguzi, ni wivu, mtoto wetu amenyimwa. Uchungu huo naujua. Ila waliokuwa wanamwangalia hawakuwa wanahesabu ribaundi. Katika NBA ya leo mtu mkubwa huvutwa atoke mbali na ringi, anawekewa ukuta, anabaki uso kwa uso na kijana mwepesi mwenye mpira. Je, miguu yake itafuata? Na akirudi chini ya ringi, kwa mtu wa kati ambaye si mrefu sana, atawafikia majitu? Siwaambii walipatia au walikosea. Ribaundi 15 zilikuwa jibu la swali jingine.

Watu wa mji huu mna mfano mzuri kuliko wangu. Nani hapa hana ndugu aliyewahi kupeleka madini kuuza? Mnunuzi ana kile kimashine chake cha mkononi. Anakielekeza kwenye jiwe, kinatoa asilimia ya shaba. Mchimbaji anasema, piga hapa, kwenye kijani kibichi. Mnunuzi anasema hapana, napiga huku, kwenye udongo. Kinatoa namba mbili tofauti za gunia moja, na zote mbili ni za kweli kwa pale kilipoelekezwa. Halafu mnunuzi anakata tena ya unyevu. Mchimbaji mzee, yeye analinyanyua jiwe, analipima kwa mkono, anageuza, analamba kidogo, anakwambia asilimia zake. Mara nyingine anapatia. Mara nyingine anapatia kwa sababu anauza. Nikimsikia mtu anasema "namba hazidanganyi," nalikumbuka gunia lile. Nikimsikia mwingine anasema "bantu bote banaona," namkumbuka mzee anayelamba jiwe.

Kuna hesabu moja vijana wa simu wanaipenda, tuiite jumlisha-toa. Ni rahisi: mchezaji anapokuwa kiwanjani, timu yake imefunga ngapi, imefungwa ngapi? Toa, unapata namba yake. Uzuri wake ni kwamba 11 angeonekana mule. Kijiti kisichoandikwa popote kinaingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu timu imefunga yeye akiwapo. Lakini angalieni mwanzo wa Biyombo, msimu wa 2011-12, Charlotte. Timu ile ilishinda mechi 7 ikapoteza 59, asilimia mbaya kuliko zote katika historia ya NBA. Weka pale mtu wa kazi yeyote, jumlisha-toa yake itatoka nyekundu, hata akizuia mpaka mikono ivimbe. Umempima yeye au umepima jirani zake?

Wataalamu wanajua tatizo hilo. Wanachukua maelfu ya vipande vya mechi, wanajaribu kuondoa mchango wa kila mwenzake mpaka abaki yeye. Hesabu nzuri, naiheshimu. Nayo inapata shida pale watu wawili wanapoingia pamoja na kutoka pamoja kila mara. Ni kama bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo: umevila pamoja kila siku, siku tumbo likiuma utajuaje ni kipi?

Dikembe Mutombo, marehemu mzee wetu wa NBA, aliyetuacha tarehe 30 Septemba 2024, watu wanamkumbuka kwa kile kidole alichokuwa anakitikisa akishazuia mtupo. Mimi namkumbuka kwa Houston ya 2008. Alikuwa na miaka 41, mzee wa benchi, pointi kama 3 kwa mechi. Houston walikuwa wameshinda mechi 12 mfululizo, mara Yao Ming, mtu wao mkubwa wa kati, akavunjika mfupa wa mguu. Kila mtu akasema imekwisha. Wakamsimamisha Mutombo mahali pake, timu ikashinda nyingine 10, jumla 22. Hapo kazi ilikuwa moja tu, kulinda ringi, kazi aliyokuwa ameifanya tangu 1991, kwa wastani wa maisha yake wa pointi 9.8 na mitupo 3,289 aliyoizuia, wa pili katika historia ya NBA baada ya Hakeem Olajuwon.

Timu ileile ilikuwa na Shane Battier. Battier alikuwa katika zile 22 za Houston, kisha akawa katika 27 mfululizo za Miami mwaka 2013, na katika misimu yote miwili wastani wake haukufika pointi 10. Mnaweza kusema ni bahati, mtu wa kupanda gari zuri. Lakini sikilizeni alivyofanya kazi. Houston walikuwa wanampa karatasi za namba juu ya mtu atakayemlinda: Kobe Bryant anatupa vizuri kutoka wapi, vibaya kutoka wapi, akienda mkono upi anapoteza. Battier hakuwa anajaribu kuupiga mpira wa Kobe. Alimsukumia kule asikopenda, kisha akamwekea kiganja mbele ya macho. Kobe akikosa, karatasi ya mechi inaandika: Kobe amekosa. Jina la Battier halimo. Hapo namba zilitangulia zikamwonyesha mtu mahali pa kusimama, na ilibidi mwingine amwangalie kwa macho ndipo ajue kwamba amesimama. Sasa niambieni, yule ni wa kundi la namba au la macho?

Tusisahau pia kwamba namba isiyokuwapo si sifuri. Bill Russell alitwaa ubingwa mara 11 katika miaka 13, akastaafu 1969, na anajulikana kuliko kwa lolote kwa kuzuia mitupo. Alizuia mingapi? Hakuna ajuaye, kwa sababu NBA ilianza kuihesabu msimu wa 1973-74. Karatasi yangu ya Katuba ilikuwa bado iko kabla ya 1973.

Macho yana ugonjwa wao. Yanampenda anayeanguka. Mtu akiteleza kwa tumbo kuufuata mpira tunasema ana moyo, wala hatuulizi kwa nini alikuwa amechelewa mpaka akalazimika kuteleza. Yanakumbuka dakika ya mwisho na kusahau ya 14. Na yule mzee wa michopo, nimheshimu, mechi za Toronto hapa kwetu zilikuwa zinachezwa usiku wa manane. Alichokiona ni vipande vya dakika mbili asubuhi kwenye simu ya mjukuu, vilivyokatwa na mtu mwingine. Hakuna anayekata kipande cha mtu kumkalia mwenzake kwenye mapaja.

Wenzetu Marekani, tangu msimu wa 2013-14, wamefunga kamera kwenye paa la kila uwanja wa NBA, za mwanzo zilikuwa zinamfuata kila mchezaji mara 25 kwa sekunde, na kuanzia 2016 ligi ikaanza kutangaza hesabu za mipira iliyoguswa njiani, mitupo iliyosumbuliwa, watu waliokubali kugongwa. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Wamefika kwenye daftari langu, ila kwa njia ya gharama.

Hapo mama mmoja aliyekaa nyuma akasimama. Hakuinua mkono. "Papa, samahani. Mwanangu ana miaka kumi na sita. Watu wa kutafuta wachezaji wakija hapa, wanauliza ametia ngapi. Wewe unataka umfundishe kuwa ukuta. Nani atauona ukuta?"

Ukumbi ukanyamaza, na mimi nikanyamaza kama wale wa michopo. Ni swali la haki. Nikamwambia ukweli: mama, Biyombo alionwa kwa sababu kazi yake ina kelele. Mwezi wa nne 2011, kule Portland, katika mechi moja ya vijana wa dunia dhidi ya Wamarekani, alipata pointi 12, ribaundi 11, na akazuia mitupo 10. Miezi miwili baadaye, siku ya kuchagua wachezaji wa NBA, akachaguliwa wa saba. Kuzuia kunahesabika na kunapendeza machoni, hata asiyejua mchezo anaruka. Mtoto anayekaba mwenzake kwa makalio hana usiku wa namna hiyo. 11 wangu hakwenda popote. Leo anaendesha lori la Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, tukikutana barabarani ananipigia honi mara tatu, nami kila mara nakumbuka zile karatasi sita za wino mwekundu.

"Kwa hiyo?" mama akasema. Bado alikuwa amesimama.

Kwa hiyo, mama, tumwandikie. Anayekuja kutoka mbali kwa siku mbili hana muda wa kumwona ukuta, na sisi tunaomwona kila Jumamosi hatuna cha kumpa mkononi zaidi ya "huyu mtoto ni mzuri, amini." Tukimpa kurasa za msimu mzima, mechi kwa mechi, mara ngapi alimfungia mpinzani mgongoni na mpira ukaja kwetu, mara ngapi ukuta wake ulizaa kikapu, na mara ngapi aliiacha kona bila sababu, hilo ataweza kulibeba kwenye begi. Na zile mbaya ziandikwe. Daftari lenye mazuri tu litasomwa kama jiwe lililolambwa na mwenye kuuza.

Makocha, jinsi ya kufanya ni hivi. Kaeni na mchezaji kabla ya mechi, mwambieni kazi yake kwa sentensi moja, aandike yeye mwenyewe juu ya ukurasa. Mkishindwa kuisema kwa sentensi moja, tatizo ni lenu, msimhesabu. Chini yake safu tatu: amefanya, hakufanya, amefanya pasipotakiwa. Anayeandika asimwangalie zaidi ya mchezaji mmoja kwa robo moja, na asikae mezani. Msijumlishe kitu kabla ya mechi tano au sita. Robo moja ya vijiti 9 ilinifumbua macho, lakini ingekuwa robo nyingine pengine ningepata vitatu.

Tunaanza Jumamosi, saa tisa alasiri, uwanja uleule. Kila mtu aje na daftari moja na kalamu mbili, maana moja itakataa. Na wewe mama, njoo. Utamwangalia mtoto wa mwenzako. Wako ataangaliwa na mwingine.